Zamu ya Rozina Mimbarani

Jenifa alikuwa fundi cherehani pale Kizwite, mjini Sumbawanga, na kama mafundi wengi wazuri, hakuweza kuvumilia uzi unaoning'inia. Sare za shule alizoshona zilijulikana kwa mishono iliyonyooka. Uwanja wake ulifagiliwa asubuhi, na jioni ulifagiliwa tena. Na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, binti yake Rozina aliposimama kanisani kutoa ushuhuda, kila neno lilikaa mahali pake, kwa sababu Jenifa mwenyewe alikuwa amechuchumaa pembeni akimnong'oneza.

Walikuwa Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao mtaani watu huwaita Wamormoni. Tawi lao lilikuwa dogo, watu sitini hivi, na walikutana katika ukumbi wa kupanga jirani na mashine ya kusaga. Jumapili ya kwanza ya mwezi hapakuwa na mahubiri yaliyopangwa. Watu wazima walifunga, na baada ya sakramenti, yeyote aliyeguswa moyoni alikwenda mbele kusema anachokiamini. Wazee walikwenda, vijana walikwenda, na watoto wa miaka minne nao walikwenda, mama zao wakiwapulizia maneno sikioni: "Ninawapenda baba na mama yangu... Najua Kanisa hili ni la kweli..." Mtoto alirudia kama kasuku, watu wakatabasamu, na mwishoni ukumbi ukaitikia amina kwa nguvu kuliko walivyomwitikia mtu mzima yeyote.

Katika watoto wote hao hakuna aliyemfikia Gabriel. Alikuwa na miaka sita tu, lakini alishusha ushuhuda kama mtangazaji wa mpira redioni. Mama yake, Dada Kashinje, aliuza mchele sokoni na alikuwa na kicheko cha kusikika mitaa mitatu. Mwezi wa sita Gabriel alitaja hadi aya ya maandiko, sura na mstari. Siku hiyo hiyo Rozina, aliyemzidi mwaka mzima, alikwama katikati ya sentensi akaanza kutazama popo waliojibanza kwenye kenchi za paa.

Mlangoni, watu wakitoka, Kashinje alimshika Jenifa begani.

"Rozina naye anajitahidi," alisema.

Alilisema kwa nia njema. Lakini neno hilo, *anajitahidi*, lilimkaa Jenifa kama pini iliyosahaulika kwenye pindo la gauni. Kila akiketi, linamchoma.

Wiki ya pili yake, mama yake Jenifa akapanda kutoka Milepa.

Bibi Bertilla alikuwa mkulima wa bondeni, kule chini kwenye joto la Ziwa Rukwa, na Sumbawanga kwake ilikuwa mji wa adhabu. Aliteremka kwenye gari amevaa sweta mbili na kitenge juu yake, akasema, "Huku mnaishi watu au mnahifadhi nyama?" Alikuja kutibiwa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na ukungu kwa mwaka wa pili, na sasa hakuweza tena kutofautisha mchele na chuya.

Lakini kulikuwa na jambo lingine lililokuja naye kwenye gari. Jenifa na mumewe, Urbano, walikuwa wamebadili kanisa miaka minne iliyopita. Bertilla, Mkatoliki tangu kuzaliwa na mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kwa miaka ishirini, hakugombana nao. Aliacha tu kuuliza. Akipiga simu aliuliza habari za cherehani, za mahindi, za mafua ya watoto wa jirani, lakini habari za Jumapili aliziruka kama mtu anayeruka dimbwi. Na Jenifa naye hakuzitaja. Miaka minne walizungumza hivyo, mama na binti, kila mmoja akipita pembeni mwa dimbwi lile lile.

Siku ya pili baada ya kufika, Bertilla alikanyaga ndani ya maji.

"Nasikia Rozina mnataka kumbatiza mwezi wa kumi," alisema. Walikuwa jikoni, Jenifa anasonga ugali.

"Akitimiza miaka minane, mama. Kwetu ndiyo umri wa ubatizo."

"Huyu mtoto amebatizwa. Nilimshika mimi mwenyewe, na nguo nyeupe nilinunua mimi. Mtu si sufuria, useme haikutakata, isuguliwe tena."

"Mama, tutaongea jicho likishapona."

"Tunaongea sasa. Likizo bado ipo. Nikimaliza hospitali naondoka naye Milepa. Katekista ameanza darasa la komunio ya kwanza, wenzake wote wa rika lake wanasoma."

Jenifa akageuza ugali kwa nguvu mpaka mwiko ukalia. Urbano aliyekuwa amesimama mlangoni akauliza kama mama angependa chai. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na haraka ya kupatanisha. Akaleta kikombe cha mchaichai, kwa maana kanisa lao linakataza majani ya chai. Bertilla akanusa, akanywa funda moja, akasema asante sana mkwe wangu, hii dawa ya kifua ni nzuri, sasa chai iko wapi?

Tangu siku hiyo Jenifa aliona wazi kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba ingekuwa siku ya hukumu. Bertilla alikuwa ameshasema atahudhuria. "Nitasali Misa yangu ya kwanza asubuhi, halafu nitakuja kwenu nione mnamfundisha nini mjukuu wangu." Basi Jenifa alitaka aone. Alitaka mama yake aketi pale na kumsikia Rozina akitiririka kuliko Gabriel, kuliko watoto wote wa katekista wa Milepa, bila kutazama popo hata mmoja.

Aliandika ushuhuda kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Ulikuwa na sentensi kumi na mbili. Kila asubuhi cherehani ilipoanza kulia, Rozina alisimama kando ya meza na kukariri, mguu mmoja juu ya mwingine kama korongo.

"Nashuhudia kwamba Mungu yu hai na hujibu maombi," Jenifa alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Nashuhudia kwamba Mungu yu hai na hujibu maombi. Mama, nashuhudia ni nini?"

"Ni kusema kitu unachokijua wewe mwenyewe. Endelea. Nashuhudia kwamba Kanisa hili..."

"Lakini mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Hayo yote. Hayo unayajua wewe."

Cherehani ikasimama. Jenifa akamtazama mtoto wake, ambaye hakuwa na ubishi wowote usoni. Jino moja la mbele lilikuwa limeng'oka na pengo lile lilimfanya aonekane mdogo kuliko umri wake.

"Utayajua ukikua," alisema. "Sasa sema."

Bertilla alikuwa ameketi kwenye mkeka juani akichambua maharage kwa vidole, kwa kuwa jicho lilikuwa halimsaidii. Jenifa alitegemea atamtetea mtoto, lakini bibi huyo alimshangaza.

"Mwache akariri, ndiyo kazi ya watoto," alisema. "Sisi katekisimu tuliimeza nzima, ukikosea unapigishwa magoti kwenye kokoto."

"Na ulikuwa unaelewa, bibi?" Rozina akauliza.

"Nilianza kuelewa nikiwa na watoto watatu."

Hapo wote wakacheka, hata Jenifa, na kwa dakika chache ilikuwa kama zamani. Kisha Jenifa akasema tena, "Nashuhudia," na cherehani ikaendelea.

Upasuaji ulikuwa Jumatano. Walikwenda watatu, maana Rozina alikataa kubaki. Foleni ya dirishani ilikuwa ndefu, na Jenifa alisimama humo karibu saa nzima na makaratasi mkononi, akiwa amewaacha bibi na mjukuu kwenye benchi la ukumbini. Aliporudi aliwakuta wamekaa kimya wameegemeana, na muuguzi alikuwa amekuja na kiti cha magurudumu. Bertilla alikataa kiti, akaingia kwa miguu yake.

Kesho yake bandeji ilifunguliwa. Bertilla akapepesa jicho mara kadhaa, akatazama ukuta, akamtazama daktari, kisha akageuka.

"Jenifa! Kumbe una mvi?"

"Ni mbili tu, mama."

"Nimehesabu tano."

Alipewa dawa ya matone na miwani myeusi ya kukinga jua, akaambiwa asiinue kitu kizito na asiruhusu maji yaingie jichoni. Miwani ile aliipenda mno. Alitoka nayo hospitali, akapita nayo sokoni, na kijana mmoja wa bodaboda alipomwita "bibi staa" alimjibu, "Poa, mjukuu," akaendelea na safari yake.

Jumapili ilifika na upepo mkali wa mwezi wa saba, ule unaopuliza vumbi la mashamba yaliyovunwa mpaka ndani ya nyumba. Bertilla aliamka gizani akaenda Misa ya kwanza. Kufika saa nne kasoro alikuwa ameshafika kwenye ukumbi wao, sweta mbili, miwani myeusi, rozari mkononi, akaketi mstari wa pili karibu na Jenifa. Kila aliyepita alimpa shikamoo, naye aliitikia marahaba kama mkaguzi aliyekuja kukagua shule.

Alifuatilia kila kitu. Alipoona vijana wawili wa kidato cha tatu wakibariki mkate na maji ya sakramenti alimnong'oneza Jenifa, "Padre yuko wapi?"

"Hatuna padre, mama. Kila mmoja anafanya sehemu yake."

"Hm," alisema Bertilla.

Kisha rais wa tawi akasimama. Huyu ndiye aliyeongoza kundi lile, Ndugu Fabiani, mwalimu wa shule ya msingi Milanzi, mrefu kiasi kwamba Urbano alipotengeneza mimbari alipima kwa kifua chake. Ilikuwa mimbari nzuri ya mninga, kosa lake moja tu, mtoto akisimama nyuma yake anapotea kabisa.

"Ndugu zangu," Fabiani alisema, "leo nina ombi dogo. Tunafurahi sana watoto wetu wanapotoa ushuhuda. Lakini nimekuwa nikifikiri, na tumezungumza kwenye baraza. Kuanzia leo, mtoto anayeweza kuja mwenyewe na aje mwenyewe, aseme yaliyo moyoni mwake, hata kama ni maneno mawili. Wazazi tubaki kwenye viti. Na wale ambao bado wadogo wasilazimishwe. Watasema nyumbani, na kwenye Msingi, darasa lao la Jumapili. Mungu hana haraka."

Jenifa alihisi kama mtu aliyeambiwa sindano imekatika katikati ya gauni la harusi. Sentensi kumi na mbili! Rozina alizijua, ndiyo, lakini akikwama nani atamsukuma? Aligeuka kumwangalia Kashinje, akamwona naye ameshika kifua. Kwa mara ya kwanza walitazamana kama watu waliomo katika mashua moja.

Gabriel hakuogopa chochote. Kabla Fabiani hajaketi vizuri, alikuwa ameshafika mbele. Sauti ikatoka nyuma ya mimbari, mtu haonekani.

"Naitwa Gabriel! Nashuhudia Mungu yupo! Nashuhudia Yesu ni Mwokozi wangu! Najua Kitabu cha Mormoni ni cha kweli! Najua manabii wapo! Na mama amesema nikimaliza bila kukosea atanipa soda, katika jina la Yesu Kristo, amina!"

Ukumbi ulipasuka. Fabiani alijificha uso kwa kitabu cha nyimbo. Kashinje, ambaye kicheko chake kilisikika mitaa mitatu, safari hii hakutoa sauti yoyote, alijifunika mtandio kichwa kizima, mabega tu yakitikisika. Hata Bertilla alivua miwani akajifuta, kisha akakumbuka maji na jicho, akairudisha haraka.

Baada yake alizungumza mzee mmoja juu ya mvua na mavuno, na dada mmoja juu ya mwanawe aliyepona. Jenifa hakusikia hata neno. Alikuwa ameushika mkono wa Rozina, na alikuwa akijiuliza kama amruhusu au amzuie, pale mkono ulipochomoka wenyewe. Rozina alikuwa ameshasimama kwenye njia ya katikati, anatembea.

Alifika nyuma ya mimbari akapotea. Urbano akainuka kutoka mstari wa nyuma, akachukua kreti tupu lililokuwa mlangoni, akaenda kuliweka chini bila kusema kitu, akarudi. Kichwa cha Rozina kikatokeza, nywele, macho, kisha pengo.

"Naitwa Rozina Urbano," alisema. "Nina miaka saba. Mama amenifundisha maneno ya kusema."

Jenifa aligundua kwamba midomo yake mwenyewe inatembea. *Ninawapenda baba na mama yangu.*

"Nayajua yote. Ni kumi na mbili. Lakini mama alisema kushuhudia ni kusema kitu unachokijua wewe mwenyewe. Sasa hayo ni ya mama. Ya kwangu ni moja."

Akatazama juu kwenye paa, na Jenifa akafumba macho. Popo.

"Bibi yangu yule pale mwenye miwani," Rozina aliendelea, na watu wote wakageuka. "Jumatano alipasuliwa jicho. Mama alikwenda kwenye foleni. Bibi akaniambia anaogopa. Mimi sikujua kama watu wakubwa wanaogopa. Nikamwambia tusali. Bibi akatoa rozari, akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikakunja mikono kama tunavyokunja huku. Halafu nikamuuliza, bibi, mimi nasali hivi na wewe unasali vile, sasa Mungu atamsikiliza nani? Bibi akasema, Mungu ana masikio mawili."

Mtu mmoja nyuma akasema "Eeh!" polepole.

"Basi tukasali wote kwa pamoja. Na bibi akaacha kutetemeka. Nilikuwa nimeshika mkono wake ndiyo maana najua. Akaingia kwa miguu. Hiyo najua mimi mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Katika jina la Yesu Kristo, amina."

Amina iliyofuata haikuwa kubwa kama zile za watoto. Ilikuwa ya chini, kama watu wanaoitikia sala ya msibani. Rozina alishuka kwenye kreti, akarudi kiti chake, na kwa sababu hakujua aketi upande gani, akaketi katikati ya mama na bibi.

Bertilla alitazama mbele. Machozi yalikuwa yanashuka chini ya miwani.

"Mama, jicho," Jenifa alinong'ona. "Daktari alikataza maji."

"Haya ya kwangu," Bertilla alijibu. "Alikataza ya bombani."

Jenifa alitazama mimbari. Miaka minne katika tawi lile alikuwa amefika kwenye mimbari pengine mara thelathini, na mara zote alikuwa amechuchumaa. Hakuwahi kusimama pale yeye. Alishona maneno, akamvisha mtoto, akamtuma. Alikumbuka Rozina akimwambia hayo yote unayajua wewe, na akajiuliza kama ni kweli.

Akainuka. Alipofika mbele alijikwaa kwenye kreti, watu wakacheka kwa upole, naye akacheka, na hilo lilimsaidia.

"Mimi ni fundi," alianza. "Nimezoea kupima kwanza ndipo nikate. Leo sijapima. Nilimfundisha Rozina maneno yale ili watu waone nimemlea vizuri. Nilitaka kumshinda mtoto wa Dada Kashinje."

"Hata mimi!" Kashinje alijibu kutoka kitini, na kicheko kilichofuata ndicho sasa kile cha mitaa mitatu.

"Na nilitaka mama yangu aone. Mama yangu yuko pale. Miaka minne sijamwambia kwa nini niko huku, kwa sababu nilidhani nikianza atalia, au nitalia mimi. Mama, sikuacha ulichonifundisha. Nilipougua na mimba ya Kelvin, mdogo wake Rozina, na mtoto akafariki, nilikaa mwezi mzima siwezi hata kusema Baba Yetu. Watu wa hapa walikuja wakakaa na mimi. Hawakunihubiria. Walinifulia. Siku moja nikasali tena, na nilisali kwa maneno yako, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Mungu alinisikia. Hilo nalijua. Mengine bado najifunza. Katika jina la Yesu Kristo, amina."

Alirudi kitini bila kuona vizuri anapokwenda. Mama yake alikuwa amesogea kumpa nafasi.

Mchana walifungua mfungo nyumbani kwa ugali wa ulezi na samaki wakavu aliokuja nao Bertilla kutoka ziwani. Gabriel na mama yake walialikwa, na Gabriel alikuja na soda yake, kwa kuwa baada ya mjadala iliamuliwa kwamba hakukosea hata neno. Watoto walipotoka kucheza, Bertilla alimfuata Jenifa kwenye karo la vyombo.

"Hukuniambia ya mwezi ule," alisema. "Nilikuja kwenye mazishi ya mtoto nikakuona umekaza uso, nikasema binti yangu ana nguvu. Nikarudi Milepa."

"Ungefanya nini, mama? Ulikuwa na mavuno."

"Ningekufulia mimi."

Jenifa akasugua sahani moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Bertilla akaichukua, akaisuuza, akaigeuza juani aone kwa jicho jipya kama imetakata.

"Mimi sitahama," alisema. "Usianze kuwaza hivyo. Mkate wenu ni wa dukani na nyimbo zenu zinatembea polepole kama ng'ombe wa kulimia. Nitafia kwenye parokia yangu."

"Sijakuomba uhame."

"Na huo ubatizo wa pili, kwangu bado hauniingii kichwani."

"Najua, mama."

"Lakini yule mtoto anasali. Nilikwenda kuangalia kama anafundishwa kusali, na nimeona." Akaweka sahani juu ya nyingine. "Nitaondoka naye kesho kwa hiyo wiki iliyobaki. Si kwa katekista. Anisaidie kuweka dawa ya jicho, na apate joto kidogo, mnamkausha mtoto kwa baridi."

"Jumapili mwende naye Misa," Jenifa alisema. Alijishangaa alivyolisema kwa wepesi. "Asibaki nyumbani peke yake. Aende na wewe."

Bertilla alimtazama juu ya miwani, kisha akaguna, na Jenifa, aliyeijua miguno ya mama yake yote, alijua huu ulikuwa mzuri.

Rozina alirudi baada ya siku nane akiwa mweusi kwa jua, na wimbo mpya wa kanisani kwa bibi ambao aliuimba mpaka Urbano akaanza kuupigia mluzi akiranda mbao. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane hakwenda mbele. Jenifa alimuuliza kama angependa, akasema hapana, leo hana kipya. Jenifa akasema sawa, wakakaa. Kashinje alikwenda mwenyewe, akalia, akacheka, akarudi.

Simu sasa zilikuwa ndefu kidogo. Bertilla aliuliza habari za cherehani na za mahindi, na mara nyingine akauliza, "Na Jumapili iliendaje?" Jenifa alimweleza. Yeye naye akaeleza padre mpya alivyo kijana na anavyohubiri kama anafukuzwa.

Jioni moja ya mwisho wa mwezi wa tisa simu iliita Jenifa akiwa anapiga pasi gauni jeupe la saizi ya miaka minane. Alilishona kwa siku tatu, kisha akafumua kola, kisha akajiambia inatosha.

"Hayo maji ya kumtumbukiza mtoto," Bertilla alisema bila salamu, "ni ya moto au ya baridi?"

"Ya baridi, mama. Hatuna namna ya kuyachemsha yote."

Upande wa pili walisikika kuku.

"Basi nitakuja na blanketi," alisema Bertilla. "Lile zito. Na mwambie mkwe wangu aniwekee kiti cha mbele, nataka kumpokea mimi akitoka."